Deni Letu kwa Mwalimu: Somo juu ya Shukrani na Umoja wa Waliosoma Pamoja



Sisi mafrateri tunaosoma falsafa tumeona vema kuandika juu ya shukrani kwa walimu na juu ya umoja wa watu waliosoma shule moja. Mada hii huonekana nyepesi. Nani asiyejua kwamba mwalimu anastahili heshima? Hata hivyo, tulipokaa kuijadili tulikuta ndani yake maswali mawili magumu. La kwanza: mwalimu aliyetufundisha vizuri tumlipe nini, ikiwa alichotupa hakina bei? La pili: waliosoma pamoja wana wajibu gani wao kwa wao, wakati mmoja ameelekea upadre, mwingine ni polisi, mwingine mkulima, na mwingine hakumaliza masomo?

Maswali haya si ya wanaseminari peke yao. Wanaparokia wengi waliopita shuleni wamo katika kundi la WhatsApp lenye jina la shule na mwaka wa kuhitimu. Makundi mengi ya namna hiyo huamshwa na misiba. Hukaa kimya miezi kadhaa, kisha huja tangazo la kifo, namba ya kutumia mchango, orodha ya waliochanga na maneno ya pole. Baada ya mazishi kimya hurudi. Kuchangia msiba ni utu, tena ni tendo la huruma. Lakini mwalimu aliyelala kaburini hasikii tena kwa masikio yake kwamba alitusaidia. Kwa hiyo somo hili linahusu hasa shukrani ambayo mwalimu anaweza kuipokea akiwa hai, na umoja unaotuwezesha kuitoa.

1. Tuanze na maneno mawili ya Kilatini

Kilatini humwita mtu aliyesoma shule fulani *alumnus*. Neno hili linatokana na kitenzi *alere*, yaani kulisha au kulea. Kwa asili yake, basi, *alumnus* ni mtoto aliyelishwa na kukuzwa na mwingine. Neno halisemi lolote kuhusu cheti wala mahafali. Mtu huwa *alumnus* kwa sababu ya malezi aliyopokea. Aliyelelewa miaka miwili alilelewa kweli, hata kama mwenzake alilelewa miaka sita.

Neno la pili ni *seminarium*, yaani kitalu cha miche. Mtaguso wa Trento, katika kikao cha Julai 1563, uliagiza majimbo yaanzishe nyumba za kuwalea vijana wanaoelekea upadre, na neno hilo la shambani ndilo lililokuja kuwa jina la nyumba hizo. Anayelima kahawa au miti anaijua kazi ya kitalu. Mche hauoteshwi ili ubaki pale. Hufunikwa usiungue na jua, humwagiliwa, hupaliliwa, kisha hupelekwa shambani. Na mashamba ni mengi. Mmoja hupandwa karibu na altare, mwingine katika ndoa, mwingine katika zahanati, karakana au darasa la shule ya msingi. Mwenye kitalu hasemi kazi yake imepotea kwa sababu miche haikwenda yote shamba moja.

Tuyashike maneno haya mawili, maana tutayarudia: tulilishwa, na tuliotoka kitalu kimoja.

2. Deni lisilolipika

Aristotle alijua maana ya kuwa mwanafunzi. Alifika Athens katika Akademia ya Plato akiwa kijana wa miaka kama kumi na saba, akakaa huko karibu miaka 20, mpaka Plato alipofariki mwaka 347 kabla ya Kristo. Katika kitabu chake cha Maadili kwa Nikomako, sehemu ya tisa, anajadili namna ya kurudisha fadhila kati ya marafiki. Anapofika kwa wale waliotushirikisha falsafa, anasema kwamba thamani yao haipimwi kwa fedha, na hakuna heshima inayoweza kulingana na walichotoa. Anawaweka pamoja na miungu na wazazi: kwao inatosha kutoa kile tunachoweza.

Tuangalie vizuri hoja hii. Aristotle hakusema kwamba, kwa kuwa deni halilipiki, basi tusamehewe. Deni la dukani likiisha, mwenye duka na mteja wanaweza wasionane tena, na hakuna aliyemkosea mwenzake. Deni la mwana kwa mama haliishi namna hiyo, na kwa kuwa haliishi, linawaunganisha maisha yote. Deni kwa mwalimu ni la aina hii ya pili. Tunalitimiza kwa kuliishi.

Kanisa nalo linafundisha hivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2199, inaeleza kwamba amri ya nne, inayotuagiza kuwaheshimu baba na mama, inagusa pia wajibu wa wanafunzi kwa walimu wao. Kumbe heshima kwa mwalimu imo ndani ya amri ya Mungu. Si adabu ya shuleni tu, inayokwisha kengele ya mwisho inapogongwa.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anatusaidia kuona hatua za shukrani. Katika *Summa Theologiae*, anapoeleza kosa la kukosa shukrani, anataja ngazi tatu. Ya kwanza ni kutambua fadhila uliyopokea. Ya pili ni kuisema kwa kushukuru. Ya tatu ni kurudisha kadiri ya uwezo wako, mahali na wakati unaofaa. Kukosa shukrani nako kuna ngazi tatu: kutorudisha, kunyamaza, na mwisho, iliyo mbaya kuliko zote, kusahau kabisa kwamba ulipewa. Tuzitazame ngazi hizi moja moja.

*Kutambua.* Hapa inatupasa kusema kwa usahihi ni nini tulichopewa. Kusema tu kwamba mwalimu alifundisha vizuri hakutoshi. Sisi tunaoandika somo hili tulisoma seminari ndogo moja, na mwalimu wetu wa Kilatini alikuwa mlei, baba wa familia. Jina lake hatulitaji, maana angetukemea. Ukimjibu swali kwa usahihi, hakukusifu. Aliuliza, "Kwa nini?" Ukikosea, aliuliza vilevile, "Kwa nini?" Wakati ule tulidhani ni ukali. Leo, tunapokaa na vitabu vya mantiki na metafizikia, tunatambua kwamba alitupa kitu kikubwa kuliko Kilatini: alitufundisha kutoridhika na jibu ambalo hatuwezi kulieleza.

*Kusema.* Walimu wengi hustaafu bila kujua walichopanda kimeota wapi. Daktari humwona mgonjwa akipona, na fundi huiona nyumba ikisimama. Mwalimu humwona mwanafunzi akiondoka tu. Kwa hiyo neno moja la kweli, lililosemwa mapema, lina uzito mkubwa kwake.

*Kurudisha.* Hapa Thomas ana mawaidha mawili ya kufaa. Kwanza, tusiharakishe kurudisha kama mtu anayetaka kutua mzigo, kwa maana anayelipa upesi kupita kiasi anaonyesha kwamba hakupenda kuwa na deni. Pili, hata mfadhili asiyehitaji kitu anaweza kurudishiwa, kwa kupewa heshima. Aristotle alikwisha kugusia jambo hili: aliye juu apewe heshima zaidi, na mhitaji apewe msaada. Lakini mwalimu mstaafu mara nyingi huhitaji vyote viwili. Kumpa cheti cha shukrani wakati paa lake linavuja ni kumpa nusu. Kumtumia fedha bila kumpigia simu nako ni kumpa nusu.

3. Pingamizi tatu

Falsafa hutufundisha kusikiliza kwanza hoja zinazotupinga. Hapa ziko tatu.

Ya kwanza inatoka katika Injili yenyewe. Katika Mathayo 23:8 Bwana anawaonya wanafunzi wasipende kuitwa walimu, kwa kuwa Mwalimu wao ni mmoja. Je, tukimtukuza mwalimu wa kibinadamu hatumnyang'anyi Kristo heshima yake? Mtakatifu Augustino, katika mazungumzo na mwanawe Adeodatus yaitwayo *De Magistro*, alifundisha kwamba Kristo ndiye Mwalimu wa ndani anayeiangaza akili. Mtakatifu Thomas alilichukua andiko hilohilo la Mathayo kama pingamizi la kwanza alipouliza kama mwanadamu anaweza kuitwa mwalimu. Jibu lake ni kwamba Mungu hufundisha kwa ndani, na mwanadamu hufundisha kwa nje, kama daktari anavyousaidia mwili ambao una nguvu yake wenyewe ya kupona. Dawa haiumbi uhai, na mwalimu haumbi akili. Anayemheshimu daktari hamkatai Muumba. Vivyo hivyo, mwalimu mwema hutuelekeza kwenye ukweli, hatuzuii kwake. Linalokatazwa na Injili ni cheo kinachomtukuza mwenye nacho.

Nchi yetu ina mfano wa jina la ualimu lisilo la kujikweza. Julius Nyerere alifundisha St. Mary's Tabora kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949, na baada ya kurudi akafundisha St. Francis Pugu, shule zote mbili zikiwa za Kikatoliki. Mwaka 1955 aliacha kazi Pugu kwa ajili ya siasa. Akawa Waziri Mkuu, akawa Rais, lakini watu waliendelea kumwita Mwalimu. Jina lile liliwakumbusha watu kazi aliyowahi kuifanya akiwa amesimama mbele ya ubao, chaki mkononi.

Pingamizi la pili linatoka katika hekima ya wahenga: tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Ikiwa mwalimu hatakiwi kungoja shukrani, kwa nini tusumbuke? Jibu ni kwamba methali hii imeelekezwa kwa mtenda wema. Inamkinga asiuze wema wake. Haikuelekezwa kwa mtendewa, na haimpi ruhusa ya kusahau. Kwa mtendewa wahenga wana neno jingine, lenye punda na mateke, nalo kila msomaji analijua. Mwalimu asingoje, mwanafunzi asimngojeshe.

Pingamizi la tatu ni la wale waliofika mbali: nimesoma kuliko mwalimu wangu, na mengine aliyonifundisha nayaona hayako sawa, nitamheshimuje? Hapa Aristotle ni shahidi mzuri. Katika kitabu hichohicho cha Maadili anapinga wazi fundisho la Plato kuhusu Wema, huku akikiri kwamba linamwia vigumu kwa sababu waliolileta ni rafiki zake. Alimpinga mwalimu wake kwa kutumia akili ambayo mwalimu huyo aliinoa. Mwalimu wa kweli hamtaki mwanafunzi awe kasuku. Atakalo ni ukweli, na mwanafunzi anayeufuata ukweli kwa unyenyekevu anamheshimu hata pale anapotofautiana naye.

Tena heshima haiendi upande mmoja tu. Thomas alikuwa mwanafunzi wa Mtakatifu Alberto Mkuu huko Paris na Köln. Thomas akafariki kwanza, tarehe 7 Machi 1274, akiwa safarini kwenda kwenye Mtaguso wa Lyon. Miaka mitatu baadaye, tarehe ileile, Askofu wa Paris alilaani hoja 219, na baadhi yake ziligusa mafundisho ya Thomas. Mapokeo yanasimulia kwamba Alberto, sasa mzee, alisafiri mpaka Paris kumtetea mwanafunzi wake aliyekwisha kufa. Thomas alitangazwa mtakatifu mwaka 1323. Mwalimu wake alisubiri mpaka 1931. Hakuna anayemsikia Alberto akilalamika kwamba mwanafunzi alimtangulia kwa miaka 608.

4. Kwa nini tushikamane?

Mtu anaweza kusema: nimeelewa, nina deni kwa mwalimu, nitamshukuru mwenyewe, kivyangu. Umoja wa waliosoma pamoja ni wa nini?

Tujibu kwa mfano wa Socrates. Mwalimu huyu hakuandika kitabu hata kimoja. Aliuawa kwa sumu huko Athens mwaka 399 kabla ya Kristo. Tunamjua kwa sababu wanafunzi wake, hasa Plato na Xenophon, walimkumbuka na kumwandika. Katika maandishi ya Plato yaitwayo *Phaedo*, tunamkuta Phaedo, aliyekuwepo gerezani siku ile ya mwisho, akimsimulia rafiki yake katika mji mwingine mambo yalivyokuwa. Swali moja la rafiki ni hili: nani walikuwepo? Phaedo anawataja kwa majina, wenyeji wa Athens na wageni waliotoka miji mingine. Halafu anawataja hata wasiokuwepo. Plato, anadhani, alikuwa mgonjwa.

Jambo hilo dogo lina somo. Walipokutana kumkumbuka mwalimu, walihesabiana. Hakuna mwanafunzi mmoja aliyekuwa na Socrates mzima. Mmoja alikumbuka maneno, mwingine machozi, mwingine utani wake. Ndivyo ilivyo kwa kila mwalimu: kumbukumbu yake imegawanyika kati ya wengi, na inakuwa kamili pale wanapokutana. Katika maandishi hayohayo, Crito anamwuliza Socrates wamfanyie nini yeye na watoto wake. Anajibu kwamba hana jambo jipya la kuwaagiza. Wazitunze nafsi zao wenyewe, na kwa kufanya hivyo watakuwa wamemtendea yeye na watoto wake. Ombi la mwalimu lilikuwa kwamba wanafunzi wake waishi vizuri.

Kanisa limelisema jambo hili waziwazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Malezi ya Kikristo, *Gravissimum Educationis*, la tarehe 28 Oktoba 1965, namba 8, unawataka walimu waendelee kuwasaidia wanafunzi hata baada ya kumaliza masomo, kwa ushauri, kwa urafiki, na kwa kuanzisha vyama maalumu vyenye roho ya kweli ya Kanisa. Kwa hiyo umoja wa waliosoma pamoja ni sehemu ya malezi yenyewe. Kitalu kinaendelea kuijali miche ikiwa tayari shambani.

5. Orodha ya mwalimu

Sasa tueleze jambo lililotufundisha zaidi ya vitabu. Katika likizo iliyopita tulikwenda kumtembelea mwalimu wetu wa Kilatini. Amestaafu, yuko kijijini kwake na mkewe, na macho yamepungua nguvu kwa ugonjwa wa mtoto wa jicho. Tulibeba mchele, sukari na blanketi. Tulipomwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," aliitikia, "Marahaba, wanangu," kisha akamtambua kila mmoja kwa sauti.

Baada ya chai akaanza kuuliza habari za darasa. Hakuuliza nani amepata cheo. Aliwafuata watu kwa mpangilio wa madawati, kuanzia safu ya dirishani: huyu yuko wapi, na huyu, na yule aliyekuwa akisinzia baada ya chakula cha mchana? Kwa baadhi tuliweza kujibu. Kundi letu la simu lilianzishwa siku ya mahafali ya kidato cha nne, likiwa na watu 31 waliokuwepo siku hiyo. Lakini kidato cha kwanza tulianza 46, na mwalimu alikuwa akiwauliza wote 46. Orodha yake ilikuwa ndefu kuliko ya kundi.

Alipofika kwa kijana mmoja aliyeondoka kidato cha pili, mama mwenye nyumba akajibu badala yetu: "Huyo si ndiye anayempeleka hospitali?" Kumbe mwenzetu yule ni dereva wa bodaboda pale wilayani. Kila siku ya kliniki ya macho huja alfajiri, humchukua mwalimu, humngoja mpaka atoke, na kumrudisha nyumbani. Hapokei nauli. Tukampigia simu palepale na kumwomba aingie kwenye kundi. Akasita. "Mimi jamani sikumaliza," akasema. "Nitaingiaje kwenye kundi la waliomaliza?" Mwalimu alisikia, akaomba simu. "Mimi sikufundisha waliomaliza," akamwambia. "Nilifundisha darasa."

Wapendwa wasomaji, sentensi hiyo ilitupa jibu la swali letu la pili. Wengi wanaoanza seminari ndogo hawafiki upadre, na baadhi yao huondoka na aibu. Huogopa kukutana na wenzao, hukwepa mapadre waliosoma nao, na wapo wanaokaa viti vya nyuma kanisani kana kwamba wamefukuzwa nyumbani. Waliotoka shule nyingine kwa kukosa karo, kwa ujauzito au kwa ugonjwa wanaijua aibu hiyo pia. Umoja unaowahesabu waliofaulu tu unaiongeza aibu hiyo, tena kwa jina la mwalimu ambaye hakuwahi kuwagawa hivyo.

Maandiko yanatupa mifano miwili. Katika Matendo ya Mitume 22:3, Paulo anajitambulisha mbele ya watu wa Yerusalemu kuwa alifundishwa miguuni pa Gamalieli. Wakati huo alikuwa amekwishashika njia ambayo shule ile haikumwandalia. Hata hivyo alimtaja mwalimu wake hadharani. Kubadili njia hakukufuta malezi aliyoyapata. Na katika Luka 17:11-19, wakoma kumi waliponywa, akarudi mmoja tu kushukuru, naye alikuwa Msamaria, mgeni. Aliyedhaniwa kuwa nje ndiye aliyerudi. Sisi tulimwona wetu, akiwa juu ya pikipiki.

Kundi lile sasa limebadilishwa jina. Badala ya mwaka wa kuhitimu, linaitwa kwa mwaka wa kuingia kidato cha kwanza. Wamepatikana 39. Wawili tumejulishwa kwamba ni marehemu, na majina yao yametajwa katika Misa. Watano bado wanatafutwa. Mwalimu amefanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. La kushoto linasubiri zamu. Anayempeleka kliniki ni yuleyule.

6. Mambo ya kutenda

Falsafa isiyofika mikononi haitoshi. Tunapendekeza mambo haya kwa wanaseminari, wanaparokia na yeyote aliyewahi kukaa darasani.

*Tengenezeni orodha kwa mwaka wa kuingia.* Tafuteni waliotoka katikati. Anayempigia mwenzake simu mara ya kwanza asimwombe mchango, amsalimu tu.

*Mwulizeni mwalimu anahitaji nini.* Mwingine anahitaji bati, mwingine dawa, mwingine mtu wa kuongea naye. Zawadi isiyoulizwa mara nyingi humfurahisha mtoaji zaidi ya mpokeaji.

*Andikeni barua.* Kila mmoja aandike jambo moja mahususi alilojifunza. Kama macho ya mwalimu hayaoni, mjukuu amsomee, au mtume sauti.

*Fedha ziwe wazi, majina yawe na staha.* Mweka hazina atoe taarifa ya mapato na matumizi kwa wote. Lakini si lazima kutangaza kiasi alichotoa kila mmoja. Mwenye elfu mbili akiona jina lake chini ya mwenye laki mbili, mwezi ujao atanyamaza.

*Tumieni kalenda.* Tarehe 28 Januari tunamkumbuka Mtakatifu Thomas, na 15 Novemba Mtakatifu Alberto: mwanafunzi na mwalimu wake. Tarehe 5 Oktoba ni Siku ya Walimu Duniani, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 1994. Mwezi Novemba tunawaombea marehemu wote. Nia moja ya Misa kwa walimu, walio hai na waliotangulia, inawezekana katika parokia yoyote.

*Pelekeni deni mbele.* Kwa kuwa hatuwezi kumlipa mwalimu kikamilifu, tumsaidie mtoto aliye darasani leo. Daftari, karo au saa moja ya kumweleza hesabu ni malipo ambayo mwalimu wetu angeyakubali bila kuuliza "Kwa nini?"

Hitimisho

Tulianza na deni lisilolipika. Tumeona kwamba kutolipika kwake ndiko kunakotufunga pamoja: sisi na mwalimu, na sisi kwa sisi. Kumheshimu mwalimu ni kuitunza orodha yake ikiwa kamili, na anayetaka kujua kama umoja wa shule yake ni mzima asihesabu kwanza fedha zilizo kwenye akaunti. Amtazame mwalimu, kisha amwulize ni nani hajatajwa.

Maswali ya kutafakari binafsi au katika jumuiya

1. Ni mwalimu gani alikupa kitu ambacho bado unakitumia leo? Kitaje kitu hicho kwa usahihi. Je, mwenyewe anajua?
2. Katika darasa lako, ni nani aliondoka kabla ya mwisho? Unajua aliko?
3. Kundi la shule yako limekutana mara ngapi bila msiba?
4. Ni mtoto gani wa shule katika jumuiya yako ambaye unaweza kumlipa yeye deni ulilo nalo kwa mwalimu wako?